"Voyage" ya Kiingereza si "voyage" ya Kifaransa

Katika tafsiri za mwaka wa kwanza hapa Ibanda kuna sentensi isiyokosekana. Mwandishi anataka kusema kwamba alisafiri kwenda Uvira. Anafikiri kwa Kifaransa, halafu anaandika kwa Kiingereza "I made a voyage to Uvira". Sarufi haina kasoro. Tahajia pia, kwani neno ni lilelile la Kifaransa hadi herufi ya mwisho. Lakini Mwingereza akiisoma atajiuliza ilikuwa meli gani, wakati sisi tunajua kwamba njia ya Uvira hushuka milima ya Ngomo hadi Kamanyola, na meli haipiti huko.

Kwa Kiingereza cha leo, "voyage" ni safari ndefu ya majini, hasa ya baharini. Maana hiyo imepanuliwa hadi anga za juu, na ndiyo sababu vyombo viwili ambavyo Marekani ilivirusha mwaka 1977 kwenda kuchunguza sayari za mbali viliitwa Voyager. Safari ya basi, ya pikipiki au ya miguu haiitwi hivyo, isipokuwa na mtu anayetaka kupamba maneno. Ya ndege ni "flight". Ya nchi kavu kwa kawaida ni "journey", na ile fupi ya kwenda na kurudi ni "trip". Ama "travel", hilo ni tendo la kusafiri kwa jumla na halihesabiki: hatusemi "a travel". Wingi wake, "travels", upo, lakini hutumika kwa safari nyingi za mtu mmoja, mara nyingi zile alizozitungia kitabu.

Anayedhani kwamba nakuza jambo dogo na atazame walivyofanya wafasiri wa vitabu. André Gide alitoa "Voyage au Congo" mwaka 1927 (Kongo ya Wafaransa hasa, si yetu). Kwa Kiingereza kitabu hicho kinaitwa "Travels in the Congo". "Voyage au centre de la Terre" ya Jules Verne, ya mwaka 1864, na "Voyage au bout de la nuit" ya Céline, ya mwaka 1932, zote mbili kwa Kiingereza zinaanza na "Journey". Neno lilikuwepo, limeandikwa vilevile, na wafasiri wakalipita. Upande wa pili ni hivyohivyo. Riwaya ya kwanza ya Virginia Woolf, "The Voyage Out" ya mwaka 1915, inaanza kwa watu kupanda meli London kuelekea Amerika ya Kusini. Ilipofasiriwa kwa Kifaransa ikaitwa "La Traversée des apparences". Nusu ya jina hilo ni ubunifu wa mfasiri, lakini "traversée" ni chaguo la mtu aliyejua kwamba "voyage" ya Kifaransa isingemwonyesha msomaji bahari.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza kilichukua neno hili kwa Wafaransa mnamo mwaka 1300, likiwa na maana ya safari yoyote. Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, analitumia kwa mahujaji wanaokwenda Canterbury wakiwa juu ya farasi. Baadaye ndipo lilipobanwa likabaki la majini. Sababu, kwa maoni yangu, ni mbili: Uingereza ni kisiwa, na kila aliyekwenda mbali ilimlazimu kupanda chombo; tena "journey" na "travel" zilikwisha kushika nchi kavu. Nazo pia zilitoka Ufaransa. "Journey" ni ndugu wa "journée", yaani mwendo wa siku moja, na "travel" ni "travail" yenyewe, kazi ya kutaabika. Mwanafunzi wa Bukavu anayejua Kifaransa anayajua maneno yote matatu, na yote matatu yanaweza kumpoteza.

Tukirudi nyuma zaidi tunafika kwenye Kilatini "viaticum", masurufu ya njiani, chakula na fedha za msafiri. Wakatoliki wanalijua kwa maana nyingine: komunyo anayopewa mtu aliye karibu kufa. Ni masurufu vilevile.

Na sisi tumewafanyia Waingereza jambo kama hilo, au wao wamelifanyia neno letu. "Safari" kwetu ni ya kwenda msibani, sokoni Kadutu kwa anayetoka kijijini, au Kinshasa. Walipoichukua katika karne ya 19 wakaibana hadi ikabaki ya kuwinda, na leo ya kupiga picha simba. Kinyume chake ni "abiria". Kuabiri hasa ni kuvuka maji kwa chombo. Leo abiria wetu wengi wamebanana ndani ya teksi, na hakuna anayewaza maji.

Jambo hili si la alama za mtihani tu. Wengi wetu tutafundisha, lakini wengine wataitwa kuandika au kufasiri maelezo ya watu waliokimbia vita, wale wanaohojiwa huko Nakivale, Uganda, au mbali zaidi. Katika mahojiano ya namna hiyo maelezo ya kwanza hulinganishwa na ya pili. Mtu aliyepita barabarani akiandikiwa "my voyage", kisha akaulizwa kuhusu chombo asichokipanda, atajibu kweli na atasikika kama anayejipinga. Hapo "journey" ndiyo inayomlinda.

Linabaki swali ninaloulizwa mara nyingi: je, meli ya Bukavu kwenda Goma inafanya "voyage"? Inategemea anayesema. Katika lugha ya wenye meli na mikataba ya kukodi, kila mwendo wa chombo kutoka bandari moja hadi nyingine ni "voyage", hata uwe mfupi, na safari ya kwanza ya meli mpya ni "maiden voyage" popote pale. Lakini abiria anayelala usiku mmoja ziwani na kushuka asubuhi atasema "boat trip" au "crossing". Akisema "voyage", msikilizaji atadhani alikaa majini siku nyingi, au anatania. Kwa ile ya kweli, ndefu, husemwa "to make a voyage", "to go on a voyage" au "to set out on a voyage". Tena "bon voyage" Waingereza wameimeza nzima bila kuitafuna: mwambie hata anayepanda basi la Uvira, hutakosea.