Mwimbaji Wetu Amelala, Tumlilieje?

Marco Joseph wa kundi la nyimbo za Injili la Zabron Singers alifariki dunia tarehe 21 Agosti 2024 jijini Dar es Salaam, akiwa anatibiwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kundi lake ni la Kahama, mkoani Shinyanga, jirani na sisi wa Simiyu, na wimbo wa "Mkono wa Bwana" ulishaingia kwenye harusi, mabasi na vibanda vya chipsi kote nchini. Msiba wa namna hii una ugumu wake. Marehemu hukuwahi kupeana naye mkono, ila sauti yake ilikusindikiza shambani kwenye pamba, na pengine ulipofiwa na mama yako ndiyo uliyolia nayo.

Wapo wanaoona haya: Mkristo mzima anamlilia mtu wa redioni? Lia. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua kabisa anachokwenda kufanya dakika chache baadaye. Daudi alimtungia Sauli na Yonathani wimbo wa maombolezo, kisha akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Mfalme Yosia alipouawa, waimbaji wa kiume na wa kike waliendelea kumtaja katika maombolezo yao miaka mingi. Anayekuambia machozi ni upungufu wa imani, mwombe afungue Yohana 11. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika; aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na tumaini.

Kazi ya kwanza ya mwombolezaji aliye mbali ni kuulinda ulimi wake, na kidole chake pia. Waimbaji huzushiwa vifo wakiwa hai. Kabla hujaweka picha yenye mishumaa kwenye status, subiri neno la familia, la kanisa au la kundi lenyewe. Picha ya mgonjwa kitandani usiisambaze hata ukiipokea kutoka kwa mchungaji. Marehemu ana watoto, ana mama, ana dada aliyeko safarini ambaye bado hajaambiwa. Kuzipata habari hizo kwenye kundi la WhatsApp ni ukatili, na anayeufanya mara nyingi ni mtu anayejiita shabiki.

Kisha huja maneno ya uchawi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa Usukumani tunajidanganya tukisema yamekwisha. Mwimbaji akifa ghafla akiwa kijana na jina lake linavuma, haipiti siku kabla mtu hajasema karogwa na wenzake, au katolewa kafara. Tangu enzi za mashindano ya ngoma kati ya makundi ya Bagika na Bagalu, ushindi wa mwimbaji ulihesabiwa kuwa wa dawa, na mawazo hayo yanaingia kanisani yakiwa yamevaa joho la kwaya. Kanda ya Ziwa tunajua yanakofikia: bibi kizee ameuawa kwa sababu macho yake ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni alizopikia miaka hamsini. Kwa hiyo mtu akianza habari hizo msibani, usinyamaze kwa heshima. Sema kwa upole lakini kwa sauti ya kusikika: moyo huugua kama tumbo linavyougua, na vijana nao huugua moyo. Sema pia kwamba kumtaja mtu kuwa ndiye aliyeua, bila ushahidi, ni kumshuhudia jirani uongo. Kama habari za moyo zimekutia hofu, nenda kapime presha kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukihitaji daktari bingwa watakuandikia rufaa, na hospitali ya Bugando iko Mwanza.

Maneno ya pole nayo yapimwe. Zabron Singers wametoka katika kanisa la Waadventista Wasabato, na kanisa hilo linafundisha kwamba aliyekufa amelala hadi siku ya ufufuo. Ukiwaandikia kwamba mpendwa wao sasa anaimba na malaika, unawapa faraja ya imani yako, siyo ya kwao. Mkatoliki akifiwa atakuomba umwombee marehemu na uhudhurie Misa. Mwana AIC (Africa Inland Church) hamwombei marehemu, anawaombea waliobaki. Hapa kwetu Bariadi tunazikana madhehebu yote, basi tuuliziane. Ukishindwa kabisa, taja ufufuo, maana huo tunaukiri sote. Tena usiwaambie "Mungu amechuma ua zuri." Mama aliyepoteza mwana hataki kusikia kwamba Mungu alikuwa anachuma maua. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba pasipo neno, na walianza kukosea walipofungua midomo.

Kama kwaya yenu imeamua kwenda mazishini, nendeni wachache. Kwa Kahama mtapita Maswa, Mwigumbi, Shinyanga na Tinde. Nauli ya watu arobaini ni fedha ambayo familia ingenunulia chakula. Familia ikiwa ya Kisabato, kumbukeni kwamba Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama, na mazishi kwa kawaida hayapangwi ndani ya saa hizo. Rambirambi zipitie kwa mhazini wa kanisa, ziandikwe kwenye daftari, na risiti isomwe mbele ya waumini. Namba ya simu iliyotumwa na mtu usiyemjua, hata ikiwa na picha ya marehemu, iache.

Wanaobaki nyumbani wakutane jioni moja. Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walimwonyesha Petro kanzu alizozishona. Fanyeni hivyo kwa nyimbo: kila mmoja aseme ni wimbo gani ulimkuta wapi na ukamfanyia nini, ndipo uimbwe. Watoto wasifukuzwe, hao ndio wanaozijua beti zote. Kama kuna aliyefiwa nyumbani kwake na wimbo unamchoma, auzime bila kujilaumu. Waisraeli walimlilia Musa siku thelathini. Nawe huzuni yako usiipangie Jumapili moja.

Kuna deni ambalo wapenzi wa nyimbo za Injili hatupendi kulisikia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za kiuchumi za mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na ni mali ya warithi. Kibanda cha sokoni kinachokujazia nyimbo mia kwenye flashi hakiwapi watoto wa mtunzi hata shilingi. Sikiliza kwenye chaneli rasmi ya kundi. Na kwaya yako yenyewe isisubiri msiba: andikeni leo nani alitunga wimbo gani, msajili kazi zenu Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA), na nywila ya chaneli ijulikane na viongozi wawili, siyo mmoja.

Aliyekufa akiwa ni mwimbishaji wa kwaya yenu wenyewe, msimpandishe kijana Sabato au Jumapili inayofuata aimbe sehemu ya marehemu kwa kuigiza sauti yake. Mtamuumiza yeye, mtawaumiza na wajane waliokaa benchi la mbele. Wimbo uimbwe kwanza na kwaya nzima bila kiongozi, mwezi au miwili. Kisha mwalimu aushushe ufunguo ufae koo la atakayeupokea, na atakayeupokea aombe ruhusa kwa familia kabla ya zoezi la kwanza.