Kaa Mezani: Mgeni Ale, Arudi Kwake Mzima



Kaa si chakula cha mtu mmoja. Kuna kuvunja magando, kuna kuchokonoa nyama miguuni, kuna kulamba vidole, na yote hayo hunoga watu wakizunguka sinia moja. Ndiyo maana familia nyingi za pwani hupika kaa zinapotembelewa na marafiki. Ni chakula kizuri pia kwa afya, kwani nyama yake ina protini nyingi, mafuta kidogo na madini ya zinki. Lakini kaa asiyeangaliwa vizuri hugeuza furaha kuwa kilio. Tunasema hivyo kwa sababu yametukuta sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wauguzi tulimwandalia mwenzetu chakula cha kumuaga. Tulipika kaa wa nazi. Kati ya wageni alikuwamo binti mmoja aliyetoka bara, mpya katika kazi. Tulimwona anasita, tukamsogezea sinia: "Kula dada, usione haya." Akala. Haikupita robo saa, midomo ikavimba, ngozi ikatoka mabaka, sauti ikakauka, akaanza kuhema kwa shida. Nyumba ile ilikuwa hatua chache tu kutoka wodini, akawahi kuchomwa sindano ya adrenalini, akapona. Alipopata nafuu alituambia kwamba zamani aliwahi kula kamba, koo likamwasha sana. "Niliona aibu kukataa chakula cha wenyeji," alisema.

Sisi tuliosomea uuguzi hatukumuuliza. Tangu siku hiyo tunafundisha mambo matatu: kaa awe hai, kaa aive, na mgeni aulizwe.

1. Kaa awe hai

Nunueni kaa aliye hai, anayechezesha miguu na macho akiguswa. Kaa akifa, nyama yake huharibika upesi sana. Muuzaji akisema, "Huyu amekufa sasa hivi tu," mwacheni naye.

Kaa wa mikoko, yule mkubwa anayenunuliwa magando yakiwa yamefungwa kamba, msimtie katika ndoo ya maji ya bomba. Humo atakufa. Mwekeni ndani ya gunia lenye unyevunyevu, kivulini, na apikwe siku hiyohiyo.

Kuleni kaa mnayemjua. Wapo kaa wa miamba wenye rangi kali na madoadoa ambao wana sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Watoto wanaookota kaa ufukweni waelezwe jambo hili.

2. Kaa aive

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kaa akitiwa katika maji ya moto hugeuka mwekundu baada ya muda mfupi, nasi tunasema, "Ameiva." Wekundu wa gamba si alama ya kuiva.

Mwaka 1978, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, watu 11 waligunduliwa kuwa na maambukizi ya kipindupindu. Wote walikuwa wamekula kaa waliopikwa. Wataalamu walipofanya majaribio waliona kwamba vijidudu vya kipindupindu viliweza kubaki hai ndani ya kaa aliyechemshwa hadi dakika 8, au aliyepikwa kwa mvuke hadi dakika 25, ingawa gamba lilikuwa jekundu na nyama imekaza. Vijidudu hivyo, pamoja na ndugu zake wanaoleta kuhara na kutapika, huweza kuishi katika maji ya vuguvugu ambako mto hukutana na bahari. Huko ndiko kwenye mikoko, na ndiko anakoishi kaa wetu.

Basi fanyeni hivi:

- Mlazeni kaa katika barafu kwa muda wa nusu saa hadi aache kujongea. Hatateseka sana, na hatawaminya vidole.
- Msugueni matope kwa brashi na maji safi.
- Chemsheni maji mengi yenye chumvi katika sufuria kubwa. Msijaze kaa wengi kwa pamoja, kwani maji hupoa.
- Anzeni kuhesabu dakika pale maji yanapochemka tena, si pale mlipomtia kaa. Kaa wa nusu kilo achemke dakika 15. Wa kilo moja, dakika 20 au zaidi.
- Akipoa kidogo, fungueni gamba, mtoe matamvua, yaani vile vitu laini vya kijivu vilivyo ubavuni, pamoja na uchafu wa tumbo. Pasueni magando kwa mchi, mkiondoa vipande vya gamba visije vikamkwama mtoto kooni.

Baada ya hapo kaangeni vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya, mtie bizari na tui jepesi, kisha kaa wenyewe. Acheni vichemke pamoja, mmalizie kwa tui zito na ndimu. Wali au ugali, vyote vinakubali.

Kaa aliyeiva asirudishwe katika kapu au beseni alimokuwa mbichi. Kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Kila anayekula anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana hapa vidole ndivyo vijiko vyetu. Chakula kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili; kukiwa na joto kali, saa moja inatosha. Kiwekwe katika jokofu, na kabla ya kuliwa kichemshwe tena. Kama hakuna jokofu, pikeni kile tu kitakachokwisha.

3. Mgeni aulizwe

Wapo watu ambao miili yao haipatani na kaa, kamba au kamba-koche. Kupika sana hakusaidii, kwa kuwa tatizo si uchafu bali ni nyama yenyewe. Kwa hiyo mwulizeni mgeni kabla sufuria haijatengwa jikoni: "Je, kaa na kamba hawakudhuru?" Pikeni na maharage au mboga pembeni, ili anayekataa asijione mpweke. Nawe uliyealikwa, sema ukweli. Kukataa chakula kinachokudhuru si dharau.

Hatari ikitokea

Mtu akivimba midomo au uso, akihema kwa shida, au akizimia, hiyo ni dharura. Msingoje, msimpe maziwa wala mitishamba. Mlazeni na kumwinua miguu. Akishindwa kuhema, mketisheni. Mpelekeni hospitali mara moja, na mwelezeni mhudumu kwamba amekula kaa.

Kwa anayehara au kutapika, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama pakiti haipo, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya, hasa mtoto, mzee, au yeyote anayehara maji matupu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi tunaongeza: naye mgeni arudi kwake mzima.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya

1. Kwa nini wekundu wa kaa hautoshi kutuambia kwamba ameiva?
2. Katika familia yetu, nani hudhurika na chakula fulani, na je, sote tunajua?
3. Mgeni akikataa chakula chetu, tunampokeaje?