Ramani ya Karatasi na Ramani ya Simu: Usomaji wa Mitandao ya Reli na Matatu Jijini Nairobi

Makala haya yanaichunguza ramani ya mtandao wa usafiri kama matini. Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuliita matini lile linaloandikwa kwa sentensi au kwa beti, na kuiachia ramani idara ya Jiografia. Hata hivyo, ramani ina msamiati, ina sarufi yake ya mistari na vituo, na ina msomaji anayekusudiwa. Swali linaloshughulikiwa ni kwa nini ramani iliyochapishwa ingali inavutia watu, ilhali simu ya mkononi inaweza kumwonyesha abiria mahali alipo na gari la kupanda. Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba huo ni upenzi wa mambo ya kale tu. Jibu hilo ni jepesi mno. Ramani ya karatasi humwonyesha msomaji mfumo mzima. Ramani ya simu humjibu swali lake moja. Tofauti hiyo ina uzito kwa abiria wa Nairobi, na ina uzito zaidi kwa lugha anayoitumia akisafiri.

Neno 'ramani' na ramani ya mdomo

Neno lenyewe linastahili kutangulizwa. 'Ramani' huhusishwa na neno la Kiajemi rahnama, yaani kionyesha njia, ambalo mabaharia wa Kiarabu walilitumia kwa umbo la rahmani. Rahmani haikuwa picha. Ilikuwa kitabu cha maelekezo ya safari za baharini: nyota za kufuata, misimu ya pepo, majina ya bandari, na alama za nchi kavu zionekanazo kutoka chomboni. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliyaweka maarifa ya aina hiyo katika nathari na pia katika mashairi, likiwemo moja linalohusu safari za pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Matumizi ya vina na mizani hayakuwa pambo tupu, kwa kuwa maneno yaliyopangwa hivyo hushikika kichwani hata karatasi ikilowa. Kwa hiyo ramani ya kwanza katika historia ya neno hili ilikuwa ya kusomwa na kukaririwa kabla ya kuwa ya kutazamwa.

Mrithi wa rahmani jijini Nairobi ni utingo wa matatu. Anaposimama mlangoni na kuita Westi, Kangemi, Uthiru, Kinoo, anatoa ramani ya mdomo ya barabara ya Waiyaki. Mpangilio wa majina ndio mpangilio wa barabara, na kuuvuruga ni sawa na kumdanganya abiria. Majina mengine amerithi kutoka kwa vitu vilivyokwisha au vilivyobadilika: Odeon ni jina la sinema iliyokuwa katika jengo lililo hapo, na Koja ni matamshi ya mitaani ya Khoja, jina la msikiti ulio karibu na mzunguko huo. Fauka ya majina, kuna nambari. Nyingi kati yake zilianza na mabasi ya Kenya Bus, yaliyoanza kuhudumu jijini mwaka wa 1934, kisha matatu zikazichukua. Kwa mkazi wa magharibi mwa jiji, 46 si hesabu tena bali ni jina jingine la Kawangware, kama 111 ilivyo jina jingine la Ngong. Msomi wa semantiki atakuta hapa mfano mzuri wa ishara isiyo na uhusiano wowote wa kimaumbile na kirejelewa chake, na bado hakuna abiria anayekosea.

Ramani hii ya mdomo ina upungufu mmoja mkubwa. Kila utingo anaijua njia yake, lakini hakuna aliye na jiji zima kinywani.

Reli: mstari uliotangulia mji

Nairobi ilipata ramani ya usafiri kabla ya kuwa jiji. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, na ikafika Ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Mji ukafuata mstari uliokwisha kuchorwa. Upande wa magharibi, reli ya zamani hupitia Kibera, Dagoretti na Kikuyu kabla ya kupanda hadi Limuru na kuteremka katika Bonde la Ufa. Hiyo nayo si njia ya awali. Mwanzoni reli ilitoka katikati ya mji kupitia eneo ambalo sasa ni barabara kuu ya Uhuru, na baadaye ndipo ikahamishiwa upande wa Kibera. Anayetembea leo kando ya barabara hiyo hawezi kulihisi jambo hilo pasipo kuona ramani ya zamani. Ramani ya simu haiwezi kumsaidia, maana kawaida yake ni kuifuta jana kila inapoiandika leo.

Hapa ndipo mvuto wa ramani za reli zilizochapishwa unapoanza kueleweka. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka wa 1948 na kuwa na makao makuu Nairobi, lilikuwa na mtandao uliovuka mipaka ya nchi tatu. Katika mtandao huo mtu aliweza kufuata kwa kidole mstari kutoka Mombasa hadi Kampala na Kasese, akarudi, akashuka Voi kuelekea Moshi, kisha Tanga. Baada ya kiungo cha Ruvu na Mnyusi kukamilika mwaka wa 1963, aliweza kuendelea hadi Dar es Salaam na Kigoma bila kuondoa kidole relini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanyika. Ramani zilizochapishwa hazikugawanyika. Zinabaki kuwa ushahidi wa umoja ambao uliwahi kuwa na ratiba, tiketi na stesheni.

Si kwamba karatasi haidanganyi. Ramani ya reli huupa unene uleule mstari wenye treni nyingi na mstari uliomea nyasi. Vilevile, ramani za kikoloni ziliweka majina ya watawala juu ya mahali palipokuwa na majina tayari: kituo cha mwisho ziwani kiliitwa Port Florence kabla ya kurudi kuwa Kisumu. Lakini uongo uliochapishwa una faida moja kwa mtafiti. Una tarehe, na unaweza kuwekwa mezani ukahojiwa.

Ramani iliyofanya matatu zifanane na treni

Tukio lenye mafunzo mengi zaidi katika suala hili ni la mwaka wa 2014. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ya Groupshot, kiliendesha mradi ulioitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo kimoja baada ya kingine. Njia zipatazo 130 zilikusanywa. Data hiyo ilikusudiwa programu za simu, na mwaka wa 2015 iliingizwa katika Google Maps. Na bado wahusika hawakutosheka na data. Walichora pia ramani moja kubwa ya kutazamwa kwa pamoja, kwa mtindo wa ramani za treni za chini ya ardhi: mistari iliyonyooshwa, rangi zinazofuata barabara kuu zitokazo mjini, na vituo vyenye majina.

Mtindo huo una asili inayojulikana. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme mjini London, alipendekeza mwaka wa 1931 kwamba abiria wa chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali halisi. Anahitaji kujua mfuatano wa vituo na mahali pa kubadilisha treni. Ramani yake ilichapishwa mwaka wa 1933 na ikaigwa duniani kote. Kule New York, ramani ya Massimo Vignelli ya mwaka wa 1972 iliondolewa mwaka wa 1979 baada ya kulalamikiwa na wengi, kwa kuwa jiji la juu ya ardhi halikulingana nayo. Hata bustani ya Central Park ilionekana kuwa mraba. Ni kusema kwamba Beck alifanya kwa mstari kile utingo anachofanya kwa sauti: aliacha umbali, akashika mfuatano.

Ramani ya Nairobi ilipotandazwa, jambo ambalo kila abiria alilijua kwa miguu yake lilionekana kwa macho. Karibu kila mstari unaingia katikati ya jiji, kama njiti za gurudumu la baiskeli zinavyoingia kwenye kitovu. Mkazi wa Kangemi anayefanya kazi karibu na barabara ya Ngong aghalabu huingia mjini na kutoka tena, au hupanda bodaboda, au hutembea, ingawa sehemu hizo mbili ni jirani. Madereva na wamiliki walioonyeshwa ramani walianza kujadili njia mpya zinazoweza kufunguliwa. Mjadala huo usingaliweza kuzaliwa katika kioo cha simu, maana hakuna anayeiuliza simu kuhusu njia ambayo haipo.

Uhusiano wima na uhusiano mlalo

Wanafunzi wa isimu wana istilahi tayari za kulieleza jambo hili. Tangu Ferdinand de Saussure, hutofautishwa uhusiano mlalo, ambao ni mfuatano wa vipashio katika sentensi iliyotamkwa, na uhusiano wima, ambao ni uhusiano wa kipashio kilichochaguliwa na vile ambavyo vingeweza kukaa mahali pake. Programu ya simu humpa abiria sentensi moja: tembea hatua kadhaa, panda 105, shuka Kikuyu. Sentensi hiyo ni sahihi na ina manufaa. Ramani ya karatasi humpa sentensi hiyo pamoja na zile zote ambazo hakuzichagua. Anaona 22 na 23 zikigawana barabara ya Waiyaki na 105 kabla ya kuachana. Anaona pia reli ya zamani ikifika Kikuyu kwa kupitia upande mwingine kabisa. Kesho barabara ikifungwa, wa kwanza atauliza tena. Wa pili anajua la kufanya.

Hali ni ileile kwa kamusi. Anayelitafuta neno katika kamusi ya kielektroniki hulipata mara moja akaondoka. Anayefunua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyochapishwa hulikuta neno lake likiwa na majirani, na mara nyingi huondoka na mawili matatu ambayo hakuyajia.

Haki ya simu isifichwe. Tangu barabara ya haraka ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka wa 2022, ikiishia Westlands, ramani yoyote ya mwaka wa 2014 imepitwa upande huo. Karatasi haijui msongamano, haijui mvua, wala haijui kwamba kituo kimehamishwa. Kwa mgeni aliyeshuka usiku mahali asipopajua, simu ni mwokozi, maadamu ina chaji na salio. Lakini pia kila mkazi anajua kwa nini abiria aliyekaa dirishani hatoi simu gari linapokwama katikati ya jiji. Karatasi ina bahati ya kutotamaniwa na mnyakuzi.

Nani atayataja majina?

Mtandao wa matatu huendeshwa kwa Kiswahili na Sheng, lakini ukifika kwenye maandishi hubadilisha lugha. Mwanafunzi akijaribu kuiandika upya ramani ya Nairobi kwa Kiswahili, atakutana na maswali ambayo programu ya simu humruhusu kuyakwepa. Ufunguo, dira na kipimio ni istilahi zilizokwisha kukita katika vitabu vya shule. Kazi inaanzia kwenye vituo. 'Stesheni' imebaki kuwa ya treni. 'Steji' ni ya matatu na wasemaji hawaitumii kwa treni kamwe. 'Kituo' kinaweza kubeba zote mbili, na kwa sababu hiyo hakitofautishi. Ramani inayoonyesha reli na matatu pamoja haiwezi kutumia neno 'kituo' peke yake bila kumpoteza msomaji.

Majina ya mahali ni magumu zaidi. Wanubi, waliokuwa wa kwanza kupaita hivyo, husema Kibra, na eneo bunge limeitwa Kibra tangu mwaka wa 2013. Reli na umma huandika Kibera. Orodha ya stesheni za reli ina Dagoretti moja, ilhali abiria wa matatu ana Dagoretti Corner na Dagoretti Market, sehemu zilizo mbali mno kwa mtu anayetembea na mzigo. Simu hukubali tahajia zote na kukisia anachotaka mtumiaji. Mchapishaji wa karatasi hana ruhusa hiyo. Lazima achague umbo moja, aliweke wazi, na awe tayari kujibu barua za wasomaji.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba uteuzi huo unaweza kufanywa kwa kusikiliza badala ya kutafsiri. Mahali ambapo abiria hutoka njia moja na kuingia nyingine pangeweza kuitwa 'kituo cha mabadilishano', na istilahi hiyo ingepita katika kamati yoyote. Lakini abiria wa Nairobi hasemi kwamba anabadilishana. Anasema atashuka Westlands aunganishe. Kitenzi hicho kinaeleza hasa kile ambacho mistari miwili hufanya kwenye ramani, na kinatumiwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuiona ramani hiyo. 'Kituo cha kuunganishia' ni istilahi iliyokwisha kutungwa mitaani. Iliyobaki ni kuichapisha.