Mvua, Soko na Ardhi: Somo kwa Mkulima wa Tabora

Mkazi wa Kanyenye apitaye chini ya miembe mikongwe ya Tabora hupita chini ya kivuli cha biashara ya kale. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, walikuta kituo cha wafanyabiashara Waarabu kimekwisha kustawi katika nchi ya Unyanyembe, njia panda ya misafara iendayo Ujiji, Karagwe na pwani. Misafara hiyo ilihitaji chakula, na chakula kilitoka mashambani kwa Wanyamwezi.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba kazi ya upagazi ilifuata kalenda ya kilimo. Wanaume wengi waliondoka na pembe za ndovu baada ya mavuno, kiangazi kilipoanza, wakarejea kabla ya msimu wa kulima. Ujira wa safari uliongezwa juu ya mtama uliokwisha kuwekwa ghalani. Haukuchukua nafasi yake. Hata hivyo, biashara hiyohiyo iliuza watu na kuleta bunduki. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya magharibi ilifungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Vita vikizuka, mkulima hakulima kwa utulivu, hata kama mvua ilinyesha vizuri.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ulihama kutoka begani kwenda kwenye behewa. Ujira wa upagazi ukakauka, lakini kodi ya serikali ya kikoloni iliendelea kudaiwa kwa fedha. Fedha hiyo ilibidi itoke shambani au katika vibarua vya mbali.

Baadaye ikaja hesabu kubwa ya watu wasioijua ardhi. Mwaka 1947 mpango wa Uingereza wa kulima karanga ulianza Kongwa, ukaingia pia Urambo na Nachingwea. Mitambo iling'oa miti, lakini mvua na udongo havikusoma mpango ule. Ulipoachwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Urambo ikageukia tumbaku.

Tumbaku imejenga nyumba nyingi za bati na kusomesha watoto wengi. Kulikana hilo si haki. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto katika mabani, na kuni zake hutoka katika misitu ya miombo. Mkopo wa mbolea huchukuliwa kabla ya mvua kuonekana. Ikichelewa, jani huharibika, deni haliharibiki. Tena zao hili hudai mikono ya kaya katika majuma yaleyale ambayo mahindi hutaka kupaliliwa.

Msitu nao si jambo jepesi. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali iliwahamisha watu wa magharibi na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwakinga na malale, kwa kuwa pori lililorejea katika mashamba yaliyoachwa lilirudi na mbung'o. Leo hatari imegeuka upande: pori hupungua kwa mkaa, kuni, mifugo na mashamba mapya, na pamoja nalo hupungua asali, uyoga na dawa, vitu vilivyokuwa akiba ya maskini mwaka wa njaa. Mji haujitoi katika jambo hili, maana gunia la mkaa huchomwa porini na kuishia katika jiko la mjini.

Tabora hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Asiyevuna hapo hana msimu wa pili wa kujirekebisha. Ndiyo maana wazee walichanganya mtama, uwele na mihogo, wakalima matuta, na kuweka mpunga katika mbuga zenye udongo mweusi. Mahindi yamevisukuma pembeni vyakula hivyo vinavyovumilia jua.

Hata mvua ikiwa njema, soko laweza kuifukarisha kaya. Chukulia kaya inayohitaji gunia 10 za mahindi kwa mwaka na iliyovuna 12. Mwezi Juni, ada na deni vikibisha hodi, inauza gunia 5 kwa shilingi 40,000 kila moja na kupata 200,000. Mwezi Januari inanunua gunia 3 kwa shilingi 80,000, yaani 240,000. Bei hizi ni za mfano tu. Kaya iliyovuna ziada ya gunia 2 imemaliza mwaka ikiwa imepungukiwa na shilingi 40,000. Ingaliuza ile ziada peke yake, hata kwa bei ya Juni, ingalibaki na 80,000. Tofauti ya shilingi 120,000 haikuletwa na ukame.

Mifuko ya kinga njaa huzuia wadudu bila dawa, nayo humsaidia mwenye uwezo wa kungoja. Asiye na uwezo huo huhitaji kikundi cha kuweka na kukopa, ili ada ya Juni isilipwe kwa chakula cha Januari. Kuhusu malisho na miti, mfano u jirani: Shinyanga, kwa mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, wananchi walirudisha ngitili, maeneo wanayoyafunga wakati wa masika ili nyasi na miti vikue, kisha wakayafungua kiangazi kwa utaratibu waliokubaliana wenyewe. Afisa ugani wa kata aweza kuulizwa kuhusu mbegu za mtama za muda mfupi kabla ya Oktoba kwisha.