Asiyekufa Hawezi Kuwa Shujaa

Kwenye vikundi vya majadiliano vya wanafunzi wa fasihi, ikifika zamu ya Iliad ya Homer, kuna hoja moja haikosi. Mtu atasema: "Jamani, hawa mashujaa hawana lolote. Kila kitu kinafanywa na miungu. Athena anamsaidia huyu, Apollo anamficha yule kwenye ukungu, Zeus anaamua nani ashinde. Sasa ushujaa uko wapi?" Wengi tunaitikia, tunaandika kwenye daftari, na hoja inaingia hivyo hivyo kwenye karatasi ya mtihani.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Lakini ukiishia hapo, umeliacha jambo ambalo utendi mzima umejengwa juu yake. Kwa Homer, miungu ina nguvu kuliko sisi, ila ushujaa haiwezi kuwa nao. Ushujaa ni wa yule anayekufa. Hebu tuliangalie hilo hatua kwa hatua.

Tuanze na majina. Iliad ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000, na wataalamu wengi huiweka karne ya 8 au ya 7 K.K. Humo miungu huitwa mara nyingi athanatoi, yaani wasiokufa, na binadamu huitwa thnetoi, wanaokufa. Basi tofauti ya pande hizi mbili haiko kwenye tabia njema, maana miungu ya Olympus ina wivu, inadanganyana na kugombana kama majirani waliochokana. Tofauti kubwa ni kifo.

Kitabu cha 5 kinalionyesha hili kwa kituko. Diomedes, mpiganaji wa Kigiriki, anamchoma Aphrodite mkononi kwa mkuki. Kinachotoka si damu kama yetu, ni ichor, kwa sababu miungu haili mkate wala hainywi divai. Aphrodite anakimbilia kwa mama yake akilia. Baadaye Diomedes huyo huyo, akisaidiwa na Athena, anamchoma Ares tumboni. Mungu wa vita mwenyewe! Anapiga yowe kama la watu 9,000 au 10,000, anapanda Olympus kumshtakia Zeus, anapakwa dawa, anapona papo hapo, anaogeshwa, anavalishwa nguo nzuri, kisha anaketi kando ya baba yake. Yamekwisha.

Sasa mlinganishe na askari wa kawaida. Homer ana desturi moja: mtu akiuawa, hata kama hatujawahi kumsikia, mara nyingi tunaambiwa jina lake, baba yake, pengine na mke aliyemwacha. Kisha giza linamfunika macho, basi. Ares anaweza kwenda vitani kila siku na asipoteze kitu. Huyu mwingine ameingia na roho yake, na hana ya akiba.

Anayeisema hoja hii waziwazi ni Sarpedon, mkuu wa Lycia aliyekuja kuisaidia Troy, naye ni mwana wa Zeus. Katika kitabu cha 12 anamgeukia mwenzake Glaucus na kumuuliza kwa nini huko kwao wanapewa viti vya heshima, nyama nono na vikombe vilivyojaa. Jibu lake la kwanza ni wajibu: anayekula vya wakubwa asimame mbele vita vikianza, ili watu wake waone kwamba hali bure. La pili ndilo zito. Anasema kama kuiepuka vita hii kungewafanya waishi milele bila kuzeeka, yeye asingepigana mstari wa mbele, wala asingemtuma Glaucus huko. Ila kwa kuwa kifo kipo tu, kwa njia elfu na elfu, basi waende.

Soma hapo taratibu. Sisi tumezoea kusema mtu ni shujaa ingawa atakufa. Sarpedon anasema anapigana kwa sababu atakufa. Mwenye siku zisizo na mwisho hana haja ya kuamua leo, maana kesho ipo. Mwenye siku chache hana budi kuchagua azitumie wapi.

Na Zeus je? Katika kitabu cha 16 Sarpedon anakutana na Patroclus, na Zeus anajua mwanawe anakwenda kufa. Anafikiria kumwokoa. Hera anamjibu: fanya, ila sisi wengine hatutakuunga mkono, na kila mungu mwenye mtoto vitani atataka wa kwake naye aokolewe. Zeus anakubali. Anaangusha matone ya damu kutoka angani kwa heshima ya mwanawe, na Sarpedon anakufa. Usingizi na Kifo wanaubeba mwili wake hadi Lycia ukazikwe na ndugu zake. Mpaka huu Wagiriki waliuita moira, neno ambalo maana yake ya msingi ni fungu. Ile hoja ya kwamba miungu inafanya kila kitu inagonga mwamba hapa: mkubwa wao mwenyewe anamwangalia mtoto wake akifa.

Tuje kwa Achilles. Wengi tunamjua kwa kisigino chake, lakini ndani ya Iliad kisa hicho hakimo. Kile cha kuchovywa mtoni tunakikuta kwenye maandishi ya karne nyingi baadaye. Aliyesoma habari za Fumo Liyongo, aliyeweza kuuawa kwa sindano ya shaba ya kitovuni tu, asitafute kinga ya namna hiyo kwa Achilles wa Homer. Katika kitabu cha 21 anajeruhiwa mkono na damu inamtoka. Alichowazidi wenzake ni kujua. Mama yake, Thetis, amemwambia ana njia mbili: abaki Troy asirudi nyumbani lakini sifa yake isife, au arudi kwao aishi miaka mingi na sifa ipotee. Sifa hiyo ni kleos, neno lenye asili moja na kitenzi cha kusikia. Ni yale watu watakayoyasikia juu yako ukiwa haupo. Patroclus anapouawa, Thetis anamwambia tena kwamba Hector akifa, zamu yake inafuata. Anajua, na anakwenda. Uamuzi ni wake.

Je, ina maana Homer anasifia kufa? Hapana, na hapa wengi hupoteza alama. Katika Odyssey, kitabu cha 11, Odysseus anakutana na kivuli cha Achilles kuzimu na kumpongeza kwa heshima aliyo nayo. Achilles anakataa pongezi. Anasema afadhali awe kibarua wa mtu maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote. Sifa aliipata, ila uhai ulikuwa kitu cha thamani na alikitoa kweli.

Ndiyo maana kilele cha Iliad ni kilio cha watu wawili. Katika kitabu cha 24 mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku kambini kwa adui na kuibusu mikono iliyomuua mwanawe Hector. Achilles anamkumbuka baba yake mwenyewe, ambaye hatamwona tena, nao wanalia pamoja. Achilles anasema miungu haina huzuni, binadamu ndio waliopangiwa kuishi nayo. Kisha anaurudisha mwili na kuahidi kusimamisha vita kwa ajili ya mazishi. Hermes amemfikisha Priam mlangoni, lakini kumhurumia adui ilibidi kufanywe na mtu mwenye baba atakayekufa, ambaye naye atakufa.

Kwa hiyo ukikutana na swali la miungu na ushujaa, usiikatae miungu, ipo na inaingilia. Anza na Ares anayepona, umweke kando ya Sarpedon asiyepona, umalizie na hema la Achilles. Na kwenye kikundi, mjadili hili: Hector anapogundua Athena amemdanganya na hana pa kukimbilia, bado anachomoa upanga ili walio nyuma yake wasikie. Kama angekuwa haifi, kitendo hicho kingekuwa na uzito gani?