Upumbavu si ujinga: kumsoma Bonhoeffer bila kumchapa mwenzako

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, aliandika mengi. Kuna kitabu chake cha 1937 kuhusu kumfuata Kristo, na kuna barua za gerezani ambazo rafiki yake Eberhard Bethge alizichapisha mwaka 1951. Lakini nje ya darasa la teolojia, wengi wetu tunamjua kwa kurasa chache tu, zile za upumbavu. Na hizo, jamani, tunazitumia kama fimbo. Mtu akishindwa hoja kwenye diskasheni anamtaja Bonhoeffer, maana yake: wewe ni mpumbavu, sina haja ya kukujibu.

Kurasa hizo zimo katika insha aliyoiandika mwishoni mwa 1942, Hitler akikaribia kutimiza miaka kumi madarakani. Haikuwa ya umma. Ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa wachache aliowaamini: Bethge, shemeji yake Hans von Dohnanyi, na Hans Oster. Nakala moja ilifichwa darini nyumbani kwa wazazi wake, Berlin. Aprili 1943 akakamatwa. Tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg, siku moja na Oster.

Sasa hoja yenyewe. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa tuna maneno mawili. Mjinga hajui, na ukimweleza anaweza kujua. Ndiyo maana wazee wanasema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Mpumbavu ana habari zote mezani na bado hazimgusi. Bonhoeffer anamzungumzia huyu wa pili. Ushahidi unaompinga, haamini. Ukimbana sana, anasema hilo ni jambo la pembeni. Tena anaweza kuwa na akili kali kabisa. Kwake upumbavu si upungufu wa akili: ni hali inayowapata watu wakiwa kundini, pale mamlaka fulani yanapopanda kwa nguvu na wao wakaacha kujiamulia. Ukiongea na mtu wa namna hiyo unasikia kaulimbiu tu, yeye mwenyewe humwoni.

Mnadhani anazungumzia watu wasiosoma? Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vilichomwa moto katika miji mingi yenye vyuo vikuu nchini Ujerumani. Waliopanga si wahuni wa mtaani. Ulikuwa umoja wa wanafunzi wa taifa zima, ndiyo, wenzetu kabisa. Berlin walichomea kwenye uwanja ulio jirani na chuo kikuu, chuo kilekile ambacho Bonhoeffer alikuwa akifundisha. Aliyewahutubia, Goebbels, alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Heidelberg. Kwa hiyo GPA si chanjo.

Mimi huwa nakwama kwenye dawa anayoitoa. Anasema mafundisho hayatoshi, kinachohitajika ni ukombozi, na mara nyingi ukombozi wa nje hutangulia ule wa ndani. Kwa mwanafunzi ni neno gumu, maana tumelelewa kuamini kwamba semina moja zaidi itatatua kila kitu. Nikiangalia kampeni zetu za uchaguzi wa chuo, namwelewa. Jamaa uliyekuwa unabishana naye vizuri tu wiki iliyopita, akishavaa fulana ya mgombea anaimba kaulimbiu. Mweleze takwimu za bajeti, anaimba zaidi. Mvue fulana, mkae wawili kantini, atakwambia mwenyewe kwamba mgombea wake hana mpango wowote. Akili yake haikupungua wala kuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba hapo hakuna anayemtazama.

Mkiisoma insha hii, msifungie kwenye sehemu ya upumbavu. Sehemu inayofuata mara moja inahusu dharau kwa binadamu, na hapo anawaonya wenzake walewale wa njama: anayewadharau watu huanguka katika kosa lilelile la wale anaowapinga, na hawezi kujenga chochote pamoja nao.