Dondoo muhimu: Kuoga hamamu Istanbul

Ukifika Istanbul, usichague hamamu kwa umaarufu wake pekee. Çemberlitaş, iliyojengwa mwaka 1584 kwa ramani ya msanifu majengo Mimar Sinan, na Cağaloğlu ya mwaka 1741 ni majengo ya kutazamwa, na katika bei yake unalipia pia kuba na marumaru. Kazi yenyewe ni ileile hata katika hamamu za mtaani: unajifunga kitambaa kiitwacho peştemal, unalala juu ya jiwe lenye joto mpaka jasho likutoke, kisha mhudumu anakusugua nongo kwa glovu ya kukwaruza na kukuogesha kwa povu la sabuni.

Utasema mgeni hataelewana na watu wa mtaani. Hoja hiyo ina uzito, maana hamamu kubwa zimezoea wageni na bei zake huandikwa. Lakini maswali ya lazima ni machache, na yaulizwe kabla ya kuvua nguo: kusuguliwa kumo ndani ya kiingilio? Kukandwa je? Bakshishi hutarajiwa, kwa hiyo weka noti ndogondogo. Wanawake waulize zaidi, kwani baadhi ya hamamu ndogo hazina upande wao bali siku au saa zao, na nyingine ni za wanaume tu. Usiingie ukiwa umeshiba, na kunywa maji ya kutosha. Mjamzito na mwenye maradhi ya moyo wamwone daktari kwanza.